Jina Langu Chini ya Kila Fomu

Sehemu ya sita

Mliniacha mlangoni mwa ofisi ya makaburi. Mbele yangu alisimama mzee Vagn Lildholdt, mfuko wa matawi ya msonobari mkononi, akiniuliza swali ambalo tangu nizaliwe sijawahi kuulizwa: "Mke wangu yuko wapi?"

Kwa ambaye hakuwa nasi, nitasema haraka, maana hasira niliyo nayo hainiruhusu kurefusha. Naitwa Solvej Krogh. Benki ilinifukuza, Torkild niliyekuwa nikiishi naye akanikimbia na kuondoka na mbwa wetu, nikaishia kuwa karani wa makaburi ya usharika wetu hapa Jutland, ng'ambo ya bahari tukitazamana na Norway. Kaburi kwetu si la milele. Familia inalishika miaka ishirini au thelathini, na muda ukiisha tunawauliza: mnaendelea au mnaachia? Wakiachia, jiwe linang'olewa, ua wa majani unakatwa, kokoto zinapigwa reki. Aliyelala chini hatumgusi. Kinachoondoka ni jina lake.

Majibu ya familia yanaingia kwenye orodha. Kisha kila jibu linajazwa kwenye fomu ya kompyuta, fomu moja kwa kaburi moja, na fomu hiyo ndiyo inayokwenda kwa mchimba makaburi. Aliyenitangulia alikuwa akizijaza mwenyewe kwa wiki mbili, mgongo ukimuuma. Mimi nikaandika programu. Inasoma orodha, inafungua fomu, inajaza jina na namba ya kaburi na tarehe, inaweka tiki kwenye kisanduku cha jibu, inahifadhi, inahamia nyingine. Fomu mia tatu na kumi na mbili kwa dakika nne. Nilisifiwa hadi nikaleta keki, kwa sababu huku anayesifiwa ndiye anayewalisha wenzake.

Na kwenye nafasi ya mwisho kabisa, ile ya "Imejazwa na", niliiagiza programu iweke jina langu. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka tu lionekane.

Kuna wasomaji waliomwandikia mhariri kwamba napenda kujihurumia. Wiki hii someni hadi mstari wa mwisho, halafu mniambie nani wa kuhurumiwa.

Nilimkaribisha Vagn ndani, nikampa kiti. Ana miaka themanini na mitatu, alifundisha useremala shuleni mpaka alipostaafu, na nusu ya meza za mji huu zimetoka kwa wanafunzi wake. Alikuwa amelazwa wiki tano kwa ajili ya nyonga. Jumanne hiyo ndiyo alikuwa amekuja makaburini kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, amfunike mkewe Asta kwa matawi ya msonobari kabla baridi haijakaza, kama sote tunavyowafunika watu wetu kabla ya Majilio, majuma ya kuingojea Krismasi. Alichokuta ni kokoto zilizopigwa reki vizuri.

Nikaitafuta fomu yake kwenye kompyuta. Kaburi D-41, Asta Lildholdt. Tiki ilikuwa kwenye kisanduku cha "Tunaachia".

"Vagn, hapa inasema umeachia."

"Sikuachia."

"Lakini ndivyo ilivyojazwa."

"Solvej, nilijibu mwenyewe, mezani kwangu, mwezi wa tatu. Nilijibu tunaendelea. Jina langu limeshachongwa kwenye jiwe lile, chini ya la Asta. Imebaki tarehe tu. Sasa niliachiaje?"

Hapa ndipo ninapoona haya, lakini nimeahidi kuandika yote. Nilimwinamia yule mzee, nikatoa ile sauti laini ambayo watu huitumia kwa watoto na kwa wagonjwa.

"Huenda umesahau," nikamwambia. "Umri nao. Halafu umetoka hospitali juzi tu."

Hakufoka. Angefoka ningejua la kujibu. Aliuweka mfuko wa matawi sakafuni, akaniangalia kwa muda, kama fundi anavyokagua ubao wenye ufa.

"Fomu hiyo nani aliijaza?"

Jina langu lilikuwa pale pale kwenye kioo cha kompyuta, chini ya fomu. Nilikigeuza kioo kidogo upande wangu.

"Kompyuta."

"Kompyuta tu? Hakuna mtu mwenye jina?"

"Hakuna."

Akasema sawa. Akasema karatasi zake zote huziweka kwenye jalada, kwa hiyo anakwenda nyumbani kuleta nakala ya jibu lake, si mbali. Akatoka na mkongojo wake taratibu. Matawi aliniachia.

Alipofunga tu mlango nikafungua orodha ya majibu, nikiwa na hakika kabisa kwamba nitaona "Tunaachia" na kwamba nitakuwa nimeshinda. Ndiyo, nilitaka kumshinda mzee wa miaka themanini na mitatu.

Lildholdt, D-41: Tunaendelea.

Nikaangalia aliyefuata kwenye orodha. Tunaendelea. Nikafungua fomu yake. Tunaachia.

Wa tatu alikuwa ameandika kwamba anaachia, kwa kuwa anahamia Norway na hakuna atakayetunza ua. Fomu yake ilisema anaendelea.

Nilifungua kumi, nikafungua ishirini. Zote zilikuwa kinyume.

Nikafungua fomu tupu, ile ambayo programu huichukua na kuijaza, na hapo nikaelewa. Nilipoandika programu, kisanduku cha kwanza kilikuwa "Tunaendelea" na cha pili "Tunaachia". Sasa vilikuwa vimepinduliwa. Cha kwanza "Tunaachia". Mtu alikuwa ameibadilisha fomu mwezi wa nane, na kompyuta ilimtaja: Preben Munkholt, msimamizi wa makaburi, mkubwa wangu.

Sababu niliijua bila kuuliza. Amekuwa akilalamika mwaka mzima kwamba nyua za kupunguza majani ni nyingi na mikono ni michache, na kwamba watu wakipewa fomu huweka tiki kwenye kisanduku cha kwanza bila kusoma. Mwakani fomu hiyo hiyo itatumwa kwa familia. Basi akawapangia kisanduku cha kwanza.

Nilimtukana mle ofisini peke yangu, matusi ambayo mhariri hatayachapa.

Lakini Preben hakuandika programu. Kila kisanduku ndani ya fomu kina jina lake, na ningeweza kuiambia programu ikiite kwa jina. Kingehamishwa popote ingekipata. Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa na haraka. Nikaiambia ihesabu visanduku tu. Anayeendelea, tiki kisanduku cha kwanza. Anayeachia, tiki cha pili. Mwezi wa tisa nikaiendesha, dakika nne zikapita, na katika fomu mia tatu na kumi na mbili sikufungua hata moja kuikagua.

Walioomba kuendelea walikuwa mia moja themanini na wanane. Na mchimba makaburi wetu, Ebbe Rask, alikuwa ameanza kazi Jumatano iliyopita.

Nikampigia Ebbe Rask simu. Haikupokelewa, akiwa kazini huvaa vile vizibo vya masikio. Nikakimbia bila koti.

Nilimkuta safu ya F na mashine yake ndogo ya kunyanyulia, mkanda umeshazungushwa kwenye jiwe, jiwe limeinuka kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini. Nikasimama mbele ya mashine na kunyoosha mikono yote miwili. Akazima, akavua vizibo.

"Mama Programu," akasema. "Leo umetoka nje? Nilidhani jua linakuunguza."

"Ebbe, lirudishe hilo jiwe. Fomu zote zimekosewa."

Hakushangaa. Hilo ndilo lililonitisha. Alilishusha jiwe polepole, akalisawazisha kwa kiganja, ndipo akazungumza.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii. Anayeachia, kaburi lake huwa halijafagiliwa tangu mwaka juzi. Safari hii fomu inaniambia ning'oe penye maua ya wiki hii, halafu penye magugu mpaka magotini nipaache. Nikamwendea Preben Alhamisi. Akasema fuata karatasi. Nikarudi Ijumaa nikamwambia, njoo basi uone kwa macho yako. Akaja, akatembea safu nzima, akasimama. Akasema fuata karatasi."

Nikamuuliza ameshang'oa mangapi. Ishirini na mawili, akasema. Mawe yalikuwa nyuma ya banda.

Angalau hapo nikapata pumzi. Mawe yaliyoachwa hulala nyuma ya banda majira yote ya baridi, na lori la kuyapeleka kusagwa huja wakati wa masika. Tungeyarudisha. Ingekuwa aibu, lakini yangerudi.

"Yanakwenda leo," Ebbe akasema. "Preben ameagiza lori mapema mwaka huu. Hukujua? Nilidhani umeagiza wewe."

Nilikuwa nimeshageuka.

Preben alikuwa ofisini kwake, termosi ya kahawa mezani, anakula mkate mweusi na samaki wa siki kama mtu asiye na deni na dunia. Nikamwambia amejua tangu Ijumaa. Nilidhani atakana.

"Tangu Ijumaa, ndiyo," akasema. "Kaa chini."

"Sikai."

"Basi simama, lakini punguza sauti. Solvej, sikiliza. Jumapili baraza jipya la usharika linaanza kazi, na jambo la kwanza mezani kwao ni nani atasimamia makaburi ya sharika zote tatu. Sitaingia kwenye kikao hicho nikiwa na makaburi ishirini na mawili shingoni. Na wewe hutaki kuingia kabisa, kwa sababu fomu zote zina jina lako."

"Ulipindua visanduku bila kuniambia."

"Nilipanga fomu, ndiyo kazi yangu. Aliyejaza ni nani?"



Alikuwa na mpango tayari, na aliueleza huku akipaka siagi. Zile fomu mia moja sitini na sita ambazo Ebbe hajazigusa tungezirekebisha kimyakimya. Kwa zile ishirini na mbili, mimi ningefungua orodha ya majibu na kuyabadilisha yalingane na fomu. Jumamosi watu wakija na matawi yao na kukuta kokoto, tungewaonyesha orodha na tungewaonyesha fomu, na vyote vingesema kitu kimoja.

"Programu yako inaweza, sivyo?" akasema. "Dakika ngapi?"

"Hawa watu wana nakala, Preben. Vagn Lildholdt amekwenda kuleta yake sasa hivi."

"Wengi wao ni wazee. Mzee anasahau, anachanganya karatasi za mwaka huu na za mwaka ule. Si ndivyo ulivyomwambia mwenyewe? Ukuta huu ni mwembamba, nilikusikia. Ulimwambia vizuri sana."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Preben Munkholt dakika ile, na zaidi ya nusu ya chuki hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameyachukua maneno yangu jinsi yalivyo na yalimfaa.

Sasa ungamo lenyewe. Nilikaa. Nilivuta kile kiti nilichokikataa nikakaa, nikafikiria. Nilifikiria kurudi kulala kwa mama yangu, kwenye kitanda changu cha utotoni, na Torkild akisikia. Nilifikiria kwamba familia ishirini na mbili si nyingi. Nilianza hata kupanga kichwani jinsi programu itakavyofanya: isome namba ya kaburi, itafute mstari, ibadilishe neno. Ilikuwa kazi rahisi, na ndivyo nilivyo, kazi ikiwa rahisi kichwa changu huianza kabla sijaamua kama ni dhambi.

Ndipo madirisha yakatetemeka. Lori lilikuwa linatoka nyuma ya banda.

Siwezi kusema niliamua. Miguu ilitoka, nami nikaifuata. Preben aliniita kwa jina mara mbili.

Getini nikamkuta Vagn anaingia, jalada la bluu kifuani, anahema. Hakuliona lori nyuma yangu, aliniona mimi.

"Nimeipata," akasema. "Hii hapa, tunaendelea, na tarehe. Nimefikiria njiani. Kompyuta imekosea, basi, hata seremala mzuri hukosea kipimo. Wewe usijilaumu. Nisaidie tu kumpata."

Sikuweza kumwangalia. Nikaenda katikati ya njia, nikasimama mbele ya lori mpaka likasimama nalo, breki zikilia. Dereva alikuwa mwanamke mwenye koti la rangi ya chungwa. Akafungua kioo, akaniuliza kama nimechoka kuishi au nimechanganya njia.

"Mawe hayo hayaendi," nikamwambia. "Yashushe."

"Nina agizo, mpenzi. Limeandikwa. Siwezi kushusha mzigo kwa sababu mtu amesimama barabarani bila koti."

"Agizo limekosewa."

"Basi aseme aliyeagiza." Akachomoa karatasi kwenye kioo cha mbele, akavaa miwani. "Limejazwa jana. Na Solvej Krogh. Yuko wapi huyo?"

Jana nilikuwa nyumbani na mafua. Jana sikugusa kompyuta. Lakini programu ilikuwa inafanya kazi bila mimi. Mwezi wa sita, kwa kiburi tu, niliifundisha kujaza na maagizo ya lori, na Preben alihitaji kubofya mara moja. Ikajaza mawe, ikajaza tarehe, na kwenye nafasi ya mwisho ikaweka kile nilichoiagiza iweke daima.

Vagn alikuwa ameshafika ubavuni kwangu. Aliisoma ile karatasi mikononi mwa dereva, akaichukua, akaisoma tena akiwa ameisogeza karibu na macho.

"Solvej Krogh ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Na fomu ya Asta?"

"Ni mimi pia."

"Ulisema haina jina."

"Nilisema uongo, Vagn. Na hukusahau chochote. Hilo nalo nilisema uongo, tena nikijua kwamba sijui."

Hakunitukana. Akanirudishia karatasi. Chini palikuwa na nafasi moja ambayo programu haikuwa imeijaza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuihitaji: "Sababu ya kusitisha". Dereva akanipa kalamu. Nyuma nilisikia viatu vya Preben kwenye kokoto, halafu sauti yake, ya upole kabisa, ikiniambia nifikirie ninachoandika.

Niliiweka karatasi juu ya boneti ya lori, nikaandika kwa mkono wangu, fomu yangu ya kwanza kuijaza kwa mkono mwaka mzima. Nimekosea mimi. Familia hizi hazikuachia. Nikaweka saini.

Dereva akasoma, akazima injini.

"Haya," akasema. "Yaliyomo humu nitayashusha. Lakini usije ukasema sikukuambia, mpenzi. Huu ni mzigo wa pili. Wa kwanza niliondoka nao saa moja asubuhi kuupeleka kusagwa."

Nikamgeukia Vagn, lakini hakuwa tena ubavuni kwangu. Alikuwa amekwenda nyuma ya lori, ameegemeza mkongojo kwenye tairi, na kwa ile nyonga yake ya wiki tano alikuwa amepanda kwenye ngazi ya chuma. Alikuwa anapangusa udongo kwa mkono wa koti na kusoma majina, moja moja, kwa sauti, kama alivyokuwa akiita mahudhurio darasani.

Mawe yalikuwa kumi na moja. Niliyahesabu, hilo ndilo ninaloliweza.

Alisoma kumi. Asta hakuwemo. La kumi na moja lilikuwa limelala kifudifudi, na Vagn akageuza kichwa, akaniita kwa jina langu, nije tuligeuze pamoja.